Taa ya Kuzama Darini Ipimwe Ikiwa Mezani

Hotuba kwa mafundi umeme, wakandarasi na wanafunzi wa ufundi, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi wetu, mafundi wenzangu, wakandarasi mliosimamisha kazi saiti ili mfike hapa, na ninyi vijana wa chuo: habari za asubuhi. Asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie taa. Nitaibana mada hadi kwenye taa ya aina moja tu, ile ya kuzama darini tunayoiita daunilaiti. Hiyo ndiyo tunayoifunga kwa mamia katika ofisi, benki, supamaketi, hoteli na hospitali, na hiyo ndiyo inayopanda juu bila kupimwa kuliko kifaa kingine chochote cha umeme ndani ya jengo. Kebo tunaipima. Ethi ya jengo tunaipima. Ubao wa breka unakaguliwa hadi skrubu. Taa inatolewa kwenye boksi, inaunganishwa, inasukumwa kwenye tundu, springi zinabana, swichi inabonyezwa, na ikiwaka watu wanahamia chumba kinachofuata.

Kuwaka ni jambo dogo. Ukinunua taa Kariakoo, muuzaji anaichomeka kwenye soketi ya kaunta, inawaka, unalipa. Jaribio lile limekuthibitishia kwamba kwa sekunde tano, ikiwa wazi kwenye upepo wa feni ya dukani, taa ile ilitoa mwanga. Halikukuambia itakuwaje saa tisa alasiri ya mwezi wa Februari ikiwa imefungiwa juu ya jipsamu, chini ya bati. Halikukuambia zikiwashwa arobaini kwa swichi moja breka itafanya nini. Wala halikukuambia kama fundi wa kiyoyozi atakayeishika fremu yake mwakani, akiwa juu ya ngazi ya chuma, atashuka salama.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo linaloua taa nyingi na ndilo tunalolidharau zaidi.

Taa ya LED haiunguzi mkono kwa mbele kama halojeni ya zamani, na kwa sababu hiyo watu wanaamini haina joto. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya umeme unaoingia, na mara nyingi zaidi ya nusu, hugeuka joto. Tofauti ni kwamba joto la LED halitoki na mwanga kuja chini. Linarudi nyuma, linapita kwenye aluminiamu, linaingia kwenye ile nafasi iliyo juu ya dari. Ukifunga taa 100 za wati 20, umeweka juu ya dari ya mteja wako hita ya kilowati moja au zaidi, na nafasi yenyewe haina dirisha.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi vijana. Kwenye kibandiko cha taa kuna herufi mbili ndogo, ta, na baada yake nyuzi za Sentigredi. Hiyo ni hali joto ya juu kabisa ya hewa inayoizunguka taa ambamo mtengenezaji anakubali taa yake ifanye kazi. Kiwango cha kimataifa cha taa, IEC 60598, kinasema kwamba ikiwa ta haikuandikwa, basi ni nyuzi 25. Taa isiyo na alama hiyo imeundwa na kupimwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 25. Hapa Dar es Salaam Februari hewa ya kivulini inapita 30. Chini ya bati lililopigwa na jua, juu ya dari, inaweza kupita 50. Kwa hiyo ile taa isiyo na alama, siku unapoifunga, tayari iko nje ya masharti yake, na ikifa mapema huna pa kudai.

Wengine mtasema jengo lina kiyoyozi. Kiyoyozi kinawapoza watu walio chini ya dari. Draiva, kile kikasha kinachobadilisha umeme wa gridi uifae LED, iko juu. Yapo majengo ambayo hewa ya kiyoyozi hurudi kupitia juu ya dari, na humo hali ni nafuu, lakini lazima umuulize mhandisi wa viyoyozi, usikisie. Halafu muulize swali la pili: Jumamosi na Jumapili kiyoyozi kikizimwa, taa za korido nazo zinazimwa?

Draiva nayo ina alama yake, tc, na kando yake nukta ndogo kwenye kasha. Nukta ile inakuonyesha mahali pa kuweka kipimo, na namba iliyoandikwa, 75 au 80 au 90, ndiyo nyuzi ambazo mahali pale pasizipite. Ndani ya kasha mna kapasita zenye maji maji ya kemikali yanayokauka polepole, na joto ndilo linaloyakausha. Kanuni tunayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Ndiyo maana taa nyingi tunazozishusha darini chipu zake za LED ni nzima kabisa. Kilichokufa ni draiva.

Hapo mtauelewa ule uandishi wa saa 50,000 kwenye boksi. Ni zaidi ya miaka mitano na nusu ya kuwaka mchana na usiku bila kuzimwa, na kwa kawaida hakuna aliyekaa akaihesabu. Njia inayotumika zaidi, LM-80, huziwasha chipu zenyewe katika maabara kwa saa 6,000 au zaidi, kisha hesabu nyingine, TM-21, inakadiria mbele, tena hairuhusu kukadiria zaidi ya mara sita ya muda uliopimwa. Kwa hiyo kipimo cha saa 6,000 hakiwezi kumpa mtu haki ya kutamka zaidi ya 36,000. Na jambo kubwa zaidi ni hili: kilichopimwa ni chipu. Draiva haikuwamo. Dari haikuwamo.

Dari tuilete sisi. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Tengeneza kisanduku cha mbao na jipsamu ya unene uleule utakaofungwa saiti, chenye nafasi ya juu ileile iliyomo kwenye mchoro. Kama mchoro una pamba ya kioo juu ya dari, weka pamba ya kioo. Kata tundu kwa kipenyo alichotoa mtengenezaji, uone papo hapo kama springi zinabana na kama ukingo unafunika, kwa sababu nimeona mzigo mzima wa taa ukikataa kukaa kwenye matundu yaliyokwisha kukatwa. Bandika waya wa kupimia joto kwenye ile nukta ya tc. Washa, funga, subiri. Usisome baada ya nusu saa ukaondoka. Soma mpaka joto liwe halibadiliki zaidi ya nyuzi moja kwa saa nzima, na hiyo mara nyingi ni saa tatu au nne.

Kisha fanya hesabu, maana karakana si darini. Tuseme karakana ilikuwa na nyuzi 28 na tc imetulia kwenye 71, na kikomo chake ni 80. Mtu atafurahi kwamba amebakiwa na nyuzi 9. Lakini tuseme umepima juu ya dari ya jengo lile mchana wa jua ukapata 47. Tofauti ni 19. Ongeza kwenye 71, unapata 90. Taa ile imezidi kikomo kwa nyuzi 10 na haifai jengo lile, hata kama duka zima linaisifia. Labda inafaa jengo la ghorofa lenye zege juu yake. Kwa hili jibu ni hapana, na umelipata kabla hujanunua 400.

Kuhusu pamba ya kioo na vihami vingine vya joto, angalieni alama zilizopigwa kwenye taa. Ipo inayosema taa hii isifunikwe. Kwa wale mnaoletewa taa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, huko kuna taa zenye maandishi IC, zinazoweza kuguswa na kihami, na zisizo IC, ambazo kanuni zao zinataka kihami kikae umbali wa milimita 76 kutoka kwenye taa, na kitu kinachoweza kuungua kikae milimita 13. Tena kabla ya yote hayo hakikisheni volti, kwa sababu nyingi za kule ni za volti 120 na sisi tuna 230.

Nakuja kwenye usalama wa mtu. Hapa sitaki kusikia habari za sampuli. Joto unaweza kupima taa mbili tatu za kila aina, lakini ethi na insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme kufika kwenye chuma, hupimwa taa moja moja, zote, hata zikiwa 600.

Taa yenye waya wa ethi inakuahidi kwamba laivu, waya wenye umeme, ikigusa chuma, umeme utapata njia na breka itakata. Ahadi hiyo hukaa kwenye skrubu moja. Mara nyingi skrubu ile imefungwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwa macho ethi ipo, kwa kipimo haipo. Multimita ya kawaida inaweza kukudanganya, kwa sababu inapitisha mkondo mdogo mno: uzi mmoja wa waya uliobaki unatosha kuifanya ilie. Kiwango kinataka upitishe amperi zisizopungua 10 kati ya waya wa ethi na chuma chochote kinachoguswa, na ukinzani usizidi ohmu 0.5. Kifaa cha kufanya hivyo si cha anasa kwa mkandarasi mwenye leseni.

Insulesheni hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC). Ungeni laivu na nyutro, waya wa kurudishia umeme, pamoja, mpime kati yake na chuma cha taa. Msipime kati ya laivu na nyutro, maana mtaiunguza draiva ambayo haikuwa na kosa. Kwa taa ya ethi tafuteni megaohmu 2 au zaidi. Kwa taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani yenye tabaka mbili za insulesheni na isiyotumia ethi, iwe 4 au zaidi. Kwa hizi za mraba ndani ya mraba ongezeni jicho: fungueni moja, muone kama kweli kuna tabaka mbili, kama waya umebanwa usivutike, kama hakuna ncha ya chuma inayoukwangua. Mraba ni rahisi kuupiga chapa.

Sasa niseme kuhusu taa zikiwa nyingi pamoja, jambo ambalo kuipima moja hakulionyeshi kabisa.

Chukua taa 40 za wati 20. Ni wati 800, kama amperi tatu na nusu. Fundi akipiga hesabu hiyo ataweka breka ya amperi 10 ya aina B na atalala usingizi. Lakini draiva nyingi zina kapasita ambayo ikiwashwa ikiwa tupu huvuta umeme kwa pupa, kama pipa tupu lililofunguliwa bomba kubwa. Kilele cha draiva moja kinaweza kufika amperi 20, 30 au zaidi, kwa mikrosekunde mia chache. Breka ya aina B huruka papo hapo mkondo ukifika mara tatu hadi tano ya uwezo wake. Arobaini zikivuta pamoja, breka inaruka, mteja anapiga simu, fundi anabadilisha breka kuwa aina C. Aina C husubiri mara tano hadi kumi. Taa zinawaka, kila mtu anashukuru, na hakuna aliyepima kama ethi ya sakiti ile ina ukinzani mdogo wa kutosha kuirusha breka mpya siku laivu itakapogusa chuma. Tatizo la usumbufu limebadilishwa kuwa tatizo la hatari. Msibadilishe aina ya breka bila kupima mzunguko wa hitilafu, yaani ukinzani wa njia nzima ambayo umeme utapita laivu ikigusa chuma.

Kwenye meza, ungeni taa nyingi kadiri zitakavyokuwa kwenye sakiti moja, kwa breka ileile mtakayoifunga. Washeni na kuzima mara nyingi, mkiacha muda kati yake kapasita zimalize umeme wake, kwa sababu ukubwa wa kilele unategemea wimbi la umeme liko wapi wakati swichi inagusa. Kuwasha mara moja kunaweza kukuangukia kwenye bahati. Na kumbukeni hali yetu: umeme ukikatika, jenereta ikishika, hakuna anayezunguka na swichi. Ghorofa nzima inawaka kwa mpigo mmoja. Hilo ndilo jaribio halisi, na litafanyika mara nyingi kila mwaka jengo likiwa na watu.

Wakati zimewaka, wekeni mita ya kubana kwenye waya wa ethi. Draiva huvujisha kidogo kwa asili yake. Ikiwa kila moja inavujisha nusu miliamperi, 40 zinatoa 20, na RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliamperi 30 inaruhusiwa kuruka kuanzia 15. Hapo mtaelewa kwa nini kuna maofisi ambayo taa huzimika zote pasipo hitilafu yoyote. Kisha pimeni nyutro. Kwenye mfumo wa fezi tatu tulizoea kwamba mizigo ikilingana nyutro hupumzika. Draiva za bei rahisi huvuta umeme kwa mikupuo, na mawimbi ya mara tatu ya masafa ya gridi kutoka fezi zote tatu hayafutani, hujumlishana kwenye nyutro. Kuna majengo ambayo nyutro hubeba mkondo mkubwa kuliko fezi, na waya wake ulichaguliwa mwembamba. Na kwa mteja mkubwa anayelipia mahitaji yake kwa kVA, draiva yenye pawa fakta ya 0.5, yaani ambayo nusu tu ya VA inazovuta ndiyo wati za kazi, inamfanya alipie VA 1,600 kwa mwanga wa wati 800. Mwambieni hilo kabla hajawalinganisha na yule aliyetoa bei ya chini.

Kuhusu mwanga wenyewe nitapita haraka. Fungeni taa chache kwenye chumba cha mfano, pimeni luksi, kipimo cha mwanga unaofika, mezani; kwa kazi za ofisi za kusoma na kuandika, 500 ndiyo namba inayotumika sana. Pangeni taa 20 kutoka maboksi tofauti mbele ya ukuta mweupe, mtaona kama nyeupe zinafanana au kuna zilizoelekea njano. Kufumbia macho tofauti hiyo mezani ni kuiona kila siku darini. Kwa kumetameta, kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole itakuonyesha mistari ambayo macho hayaioni lakini kichwa cha mfanyakazi kinaiona jioni.

Taa za dharura haziwi za kupita haraka. Zichajini saa 24, kisha kateni umeme na msubiri muda wote ulioahidiwa, saa moja au saa tatu kadiri ya mkataba, mtu akiwa pale na saa. Betri iliyokaa kwenye kontena na ghala kwa miezi inaweza kuwaka dakika kumi kisha ikazima, na dakika ya kumi na moja ndipo mgonjwa anateremshwa ngazi. Hii ndiyo taa pekee ambayo ikishindwa hakuna atakayeiona imeshindwa mpaka siku inapohitajika.

Wenzetu mnaofanya kazi Unguja, Mombasa na hoteli za ufukweni, tazameni pia springi na skrubu. Chumvi inakula chuma kilichopakwa zinki nyembamba, na springi ikioza taa inaning'inia kwa waya wake juu ya kichwa cha mgeni.

Najua wakandarasi mnawaza nini. Muda upo wapi, na nani analipa? Nitasema wazi. Lisipoandikwa kwenye makadirio ya kazi, halitafanyika, na fundi wa chini ndiye atakayelaumiwa. Kwa hiyo liwekeni kama kipengele chenye bei: upimaji wa taa kabla ya kufungwa, pamoja na kisanduku cha dari na siku za kukiwasha. Wiki mbili kabla ya jipsamu kuanza zinatosha kwa mradi wa kawaida. Linganisheni na gharama ya kurudi: jukwaa kupandishwa ndani ya benki iliyokwisha kufunguliwa, kazi kufanywa usiku, vumbi juu ya meza za watu, dari kupakwa rangi upya. Mshauri elekezi naye asikubali kusaini sampuli moja iliyoletwa kwenye boksi zuri, kisha mzigo ukaja mwingine. Sampuli iliyopimwa ifungwe lakiri, ikae saiti, na kila shehena ifunguliwe na kulinganishwa nayo: draiva ileile, namba ileile, uzito uleule. Uzito peke yake unafichua mengi, kwa sababu kitu cha kwanza kupunguzwa ni aluminiamu.

Na cheti cha ubora kutoka nje, kile tunachokitaka kwa bidhaa zinazoingia nchini, kina kazi yake na lazima kiwepo. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanafanya kazi ya taifa. Lakini cheti kinahusu kilichoonwa na mkaguzi. Maboksi yaliyo mbele yako unayaona wewe, na jina litakaloandikwa kwenye fomu ya kukabidhi kazi ni lako, pamoja na namba ya leseni yako ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kwa hiyo andikeni. Kila taa iwe na namba, na mbele ya namba matokeo ya ethi, ya insulesheni, tarehe na saini ya aliyepima. Nakala moja kwa mwenye jengo, moja abaki nayo mkandarasi. Miaka mitatu baadaye taa ya chumba cha mkutano ikifa, utajua ni ya shehena gani na ni zipi nyingine za kuangaliwa.

Kisanduku cha jipsamu kile pale nyuma kimewashwa tangu saa mbili asubuhi, kina taa mbili za wati 18 za bei tofauti, waya za kupimia zimeshabandikwa. Baada ya chai tutasoma tc zake kwa pamoja na kufanya ile hesabu kwa joto la paa la jengo hili. Meza ya pembeni ina kipima ethi na kipima insulesheni. Waliokuja na taa zao wazilete, tuanze na za vijana wa chuo.